Mlisho ni wa Nani?

Kila ninapoulizwa kampuni yetu inafanya kazi gani, jibu langu la kwanza huwa ni kwamba tunatengeneza podikasti, na papo hapo huiona picha ikijengeka machoni pa muulizaji: chumba chenye sponji ukutani, maikrofoni mbili, na watu wawili waliovaa vipokea sauti wakicheka. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni sehemu ndogo ya wiki yetu. Sisi ni watu watatu tu: mimi ninayeshughulika na wateja na maandishi, mwenzangu anayehariri sauti, na mwingine anayetunza seva, tovuti na barua pepe za wateja. Nikizihesabu saa za wiki ya kawaida, zile tunazozitumia mbele ya maikrofoni hazifikii siku moja ya kazi. Zilizobaki zinaliwa na mambo ambayo msikilizaji hayaoni wala hapaswi kuyaona, yaani anwani, faili, vyeti, manenosiri, nakala rudufu, na mazungumzo marefu na mteja kuhusu nani hasa anamiliki nini.

Ni hilo la mwisho ninalotaka kuliandikia leo. Baada ya miaka kadhaa katika kazi hii nimeliona kuwa ndicho kiini cha biashara yetu, na ndilo lililotufanya tuweke podikasti na huduma za mtandaoni chini ya paa moja, ingawa kila mshauri tuliyekutana naye mwanzoni alituhimiza tuchague moja na kuiacha nyingine.

Podikasti ukiivua mapambo yake ni vitu viwili: faili ya sauti iliyowekwa mahali fulani kwenye intaneti, na orodha fupi ya maandishi inayoeleza faili hiyo iko wapi, inaitwaje na ilitoka lini. Orodha hiyo ndiyo mlisho. Mwaka 2000 Dave Winer, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliongeza katika toleo la 0.92 la RSS, muundo wa kuandikia milisho, kipengele kinachoruhusu kila habari ibebe kiambatisho, baada ya mazungumzo na watu wengine akiwemo Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa MTV, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba faili kubwa zingeweza kupakuliwa taratibu wakati mtu hatumii kompyuta yake, ili akirudi azikute zikimngoja. Mwaka 2003 mtangazaji wa redio Christopher Lydon alianza kusambaza mahojiano yake kwa njia hiyo. Februari 2004 Ben Hammersley, akiandika katika gazeti la The Guardian, alitaja majina kadhaa yanayoweza kulifaa jambo hilo jipya, na mojawapo ndilo lililoshika. Juni 2005 Apple iliingiza podikasti ndani ya iTunes 4.9, na kilichokuwa mchezo wa mafundi kikawa cha kila mtu. Jina lenyewe limetokana na iPod, kifaa ambacho Apple ilitangaza mwaka 2022 kwamba inakiacha, kwa hiyo tunafanya kazi iliyorithi jina la marehemu.

Ninaieleza historia hii kwa kila mteja mpya, hata yule ambaye macho yake yanaonyesha kwamba angependa tufike haraka kwenye uchaguzi wa muziki wa ufunguzi. Sababu ni kwamba ndani yake mmefichwa jambo moja ambalo usipolielewa mapema utakuja kulipia baadaye: katika mpango huu hakuna mwenye mji. Programu za kusikilizia ni wasomaji tu wa mlisho. Stitcher ilipofungwa Agosti 2023, na Google Podcasts ilipozimwa mwaka 2024, vipindi vilivyokuwa vikisikika humo havikufa, kwa sababu havikuwahi kukaa humo. Msikilizaji alihamia programu nyingine, akatafuta jina la kipindi, na mlisho ulikuwa pale pale ulipokuwa jana. Mitandao ya kijamii haina tabia hiyo. Jukwaa likifunga mlango, wafuasi wako wanabaki ndani.

Hata hivyo, uhuru huo una tundu moja, nalo ni anwani ya mlisho wenyewe. Programu zote ulimwenguni hukufahamu kwa anwani hiyo. Ikiwa imeandikwa kwa jina la mtu mwingine, basi mlango wa nyumba yako una kitasa chake yeye.

Tulijifunza hilo kwa kazi tuliyoletewa tukiwa bado wachanga. Alitujia mama mmoja aliyekuwa ametengeneza kipindi cha mazungumzo kwa zaidi ya miaka miwili, kila wiki bila kukosa, akitumia mpangishaji wa bure, yaani kampuni inayotunza faili na mlisho kwenye seva zake, ambaye sitamtaja. Siku moja mpangishaji huyo alifunga shughuli. Tangazo lilitumwa kwa barua pepe ambayo mama yule alikuwa ameacha kuitumia, na alipogundua, tovuti ilikuwa imekwisha kuzimika. Faili nyingi za sauti alikuwa nazo kwenye kompyuta yake, na kwa hilo tulishukuru. Lakini anwani ya mlisho ilikuwa chini ya kikoa cha mpangishaji, yaani jina lake la mtandaoni kama lile linaloishia .com, na kikoa kile hakikujibu tena. Ili kuhamisha wasikilizaji kutoka mlisho wa zamani kwenda mpya, seva ya zamani inapaswa kujibu kwa msimbo wa 301, ambao maana yake ni kwamba kitu kimehama kwa kudumu na hii hapa ndiyo anwani yake mpya. Seva iliyozimwa haijibu chochote. Wale waliokuwa wamejiunga waliendelea kuwa na jina la kipindi kwenye simu zao, kimya, bila kuambiwa kama mwenyewe amechoka, ameugua au amehama. Tulimtengenezea mlisho mpya, tukapandisha upya vipindi vyote, naye akaanza kutafuta wasikilizaji wake mmoja mmoja kama mtu anayeokota shanga zilizokatika uzi.

Tangu siku hiyo mkataba wetu una kifungu kinachotangulia hata malipo: kikoa kinasajiliwa kwa jina la mteja, kwa barua pepe yake, na mlisho unakaa chini ya kikoa hicho hata kama faili za sauti zinakaa kwingine. Mpangishaji wa nyuma anaweza kubadilika mara tatu bila msikilizaji kujua, kwa kuwa anwani anayoijua haibadiliki. Mteja anayelipa kidogo na mteja anayelipa sana wote hupata utaratibu huo huo, na kwa maoni yangu kampuni inayoukataa inajua vizuri kwa nini inaukataa.

Ningependa kusema kwamba sisi wenyewe hatujawahi kumtesa msikilizaji, lakini haitakuwa kweli. Kila kipindi katika mlisho kina kitambulisho chake, mfululizo wa herufi na tarakimu ambao hauonekani kwa mtu lakini ndio programu inaoutumia kujua kama kipindi imekwisha kukiona au bado. Kanuni ni kwamba kitambulisho kikishatolewa hakiguswi, hata ukibadilisha kichwa, maelezo au faili yenyewe. Tulipokuwa tukihamisha tovuti ya mteja mmoja kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, programu ya kuhamishia ilitunga vitambulisho vipya kwa vipindi vyote 64, nasi hatukukagua. Usiku ule simu za wasikilizaji wake zilipokea vipindi 64 kama vipya, na zile zilizowekwa zipakue zenyewe zikaanza kupakua. Asubuhi tulikuta ujumbe wa watu waliokuwa na hasira ya haki, maana wengine walikuwa wamemaliza kifurushi chao cha intaneti kwa mahojiano waliyokwisha kuyasikia mwaka uliotangulia. Tulirudisha vitambulisho vya zamani ndani ya saa chache kutoka kwenye nakala rudufu, tukaandika barua ya kuomba radhi kwa jina letu, si kwa jina la mteja. Sasa hatuhamishi mlisho wowote bila kuilinganisha orodha ya vitambulisho kabla na baada, mstari kwa mstari.

Kosa jingine lilikuwa dogo hadi likachekesha. Kichwa cha kipindi kilikuwa na alama ya &, ambayo katika XML, lugha inayoandikiwa milisho, ina kazi maalumu na haiwezi kuandikwa hivi hivi tu. Alama hiyo moja iliuvunja mlisho mzima. Tovuti ilionekana nzima, faili ilikuwepo, mteja alitangaza kipindi kila mahali, lakini programu za kusikilizia zilishindwa kuusoma mlisho na zikaendelea kuonyesha nakala ya zamani bila kulalamika kwa mtu yeyote. Ilituchukua siku mbili kugundua, na sekunde tano kurekebisha. Mlisho ukivunjika haupigi kelele, na kwa sababu hiyo kila asubuhi kuna programu yetu ndogo inayosoma milisho yote ya wateja kama vile ingekuwa msikilizaji, na kututumia ujumbe pale inaposhindwa.

Sasa niseme juu ya sauti, ambayo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda zaidi ingawa si mimi ninayeifanya. Mwenzangu mhariri ana msimamo mmoja ambao mwanzoni niliuona wa ukaidi: kwamba chumba kina uzito kuliko maikrofoni. Mteja akija na bajeti ya kununua maikrofoni ya kifahari, yeye humuuliza kwanza atakaa wapi. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ngumu hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia ndani ya rekodi hauondoki vizuri. Programu za kisasa hupunguza, lakini hubakiza sauti inayosikika kama imepita majini. Mazulia, mapazia mazito, rafu ya vitabu, hata kabati la nguo lililofunguliwa nyuma ya mzungumzaji, vyote hivyo hufanya kazi ambayo fedha za maikrofoni haziwezi kuifanya. Ukikaribia maikrofoni kwa kiasi cha upana wa kiganja, ukaielekeza kidogo pembeni ya mdomo ili herufi za p na b zisiipulizie, umekwisha kupata nusu ya ubora wote.

Wageni wengi huzungumza nasi wakiwa mbali, na hapo tunashikilia utaratibu wa kila mmoja kujirekodi mwenyewe mahali alipo, huku mazungumzo yakipita kwenye mtandao kwa ajili ya kusikilizana tu. Mtandao ukikatika kwa sekunde mbili, rekodi haikatiki. Tatizo lake ni kwamba saa za ndani za vifaa viwili haziendi sawa kabisa, na baada ya saa nzima sauti moja inaweza kuwa imetangulia nyingine kwa sehemu ya sekunde, kiasi cha kumfanya mgeni aonekane anamkatiza mtangazaji mwenye adabu. Mhariri hukata na kusogeza katika kila nafasi ya kimya. Ubaya zaidi hutokea pale mmoja amerekodi kwa kilohezi 44.1, yaani vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, na programu ikadhani ni 48: sauti yake inakwenda karibu asilimia 9 haraka zaidi na kupanda juu, na mzee wa heshima anasikika kama kijana aliyekimbizwa.

Rekodi ghafi tunaihifadhi bila kuibana. Kwa kilohezi 48 na biti 24, sauti ya mtu mmoja kwa saa moja ni takriban megabaiti 518, hivyo mazungumzo ya watu wawili yanafika gigabaiti moja kabla ya kuguswa. Tunafuata kanuni ya nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Mteja huona gharama hiyo kwenye ankara na mara nyingine huuliza kama ni lazima. Sijawahi kuulizwa hivyo na mteja aliyewahi kupoteza faili.

Kinachomfikia msikilizaji ni MP3, muundo wa zamani ambao Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyousimamia, ilimaliza mpango wake wa leseni mwaka 2017, na ambao haujapata mpinzani wa kweli katika podikasti kwa sababu moja tu: hakuna kifaa kisichoweza kuucheza. Hapa kuna uamuzi ambao watu wa studio huudharau. Kipindi cha dakika 30 kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni megabaiti 28.8, kwa kilobiti 64, mkondo mmoja, ni megabaiti 14.4. Kwa sauti za watu wanaozungumza bila muziki mwingi, wachache sana watatofautisha kati ya hizo mbili wakiwa barabarani au jikoni, lakini kila anayelipia data yake ataiona tofauti hiyo mwisho wa mwezi. Sisi hutumia 64 kwa mazungumzo na kupandisha pale tu muziki unapokuwa sehemu ya kipindi. Tumewahi kugombana na mteja kuhusu hilo, akiamini kwamba tunampunguzia ubora ili tuokoe nafasi ya seva. Tulimpa faili mbili zisizo na majina asikilize na kuchagua. Alichagua ile ndogo, akanuna kidogo, tukaendelea.

Ukubwa wa sauti ni jambo jingine ambalo msikilizaji hulitambua pale tu linapokosewa, anapolazimika kuongeza sauti kwa mgeni na kuipunguza kwa mtangazaji. Apple hupendekeza kiwango cha wastani cha karibu LUFS -16, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia, na kilele kisichozidi desibeli -1, nasi tunakifuata kwa kila kipindi, si kwa sababu Apple imesema bali kwa sababu msikilizaji hutoka kwenye kipindi cha mtu mwingine na kuingia chetu bila kugusa kitufe.

Baada ya kipindi kutoka, huja swali ambalo limetuharibia chakula cha mchana mara nyingi kuliko jingine lolote: wamesikiliza wangapi? Jibu la uaminifu ni kwamba hatujui. Seva inajua faili iliombwa mara ngapi. Haijui kama kuna sikio upande wa pili. Kwa muda mrefu kila mpangishaji alihesabu alivyopenda, hadi IAB, chombo cha watu wa matangazo ya mtandaoni, kilipoweka mwongozo wa pamoja: upakuaji uhesabiwe pale ambapo angalau sekunde 60 za sauti zimechukuliwa, na maombi yanayotoka anwani moja ya mtandao kwa programu ya aina moja ndani ya saa 24 yahesabiwe kuwa moja. Ni mwongozo mzuri, na hata hivyo watu wawili wa nyumba moja wenye simu zinazofanana wanaweza kuonekana mtu mmoja, na mtu mmoja aliyesafiri na kubadilisha mtandao akaonekana wawili.

Mwaka 2023, toleo la 17 la iOS, mfumo wa simu za iPhone, lilipokuja, programu ya Apple ilipunguza tabia ya kupakua yenyewe vipindi vya nyuma vilivyorundikana kwa watu waliokuwa wameacha kusikiliza kwa muda. Takwimu za vipindi vingi vyenye akiba kubwa zilishuka bila msikilizaji hata mmoja kuondoka. Nilikaa na wateja wetu mmoja baada ya mwingine kuwaeleza kwamba kilichopungua ni faili zilizokuwa zikipakuliwa na kufutwa bila kusikilizwa. Mmoja aliniambia kwamba alipendelea uongo wa zamani. Nilimwelewa, kwani ndio aliokuwa akiwaonyesha wadhamini wake. Tangu hapo ripoti yetu ya mwezi ina ukurasa mmoja tu: upakuaji wa kila kipindi katika siku zake 7 za kwanza na 30 za kwanza, bila jumla ya tangu dunia iumbwe, kwa sababu jumla hiyo hupanda hata kipindi kikifa.

Upande wa huduma za mtandaoni hauna mvuto wa kusimulia, lakini ndio unaolipa mishahara. Podikasti ya mteja mdogo huwa na msimu. Huanza kwa shauku, hupumzika, hurudi. Tovuti, kikoa na barua pepe hazipumziki, na ada yake ya kila mwezi ndiyo inayotuwezesha kumwambia mteja wa podikasti apumzike bila sisi kuyumba. Kazi yenyewe ni ya ulinzi wa zamu. Vyeti vya usalama vya tovuti kutoka Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, hudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe, hadi siku ambayo havikujihuisha. Na kwa kuwa watengenezaji wa vivinjari na watoa vyeti wamekubaliana kuufupisha muda wa juu wa vyeti vya aina hii hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029, anayehuisha kwa mkono atafute njia nyingine mapema. Kikoa cha aina ya .com kikiisha muda na mwenyewe asikilipie, hupitia kipindi cha neema, kisha siku 30 za ukombozi ambazo gharama yake huuma, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo ni cha yeyote atakayekiwahi. Tumemsaidia mtu mmoja kukikomboa katika siku ya 28 kati ya zile 30. Kilikuwa kimesajiliwa kwa jina la fundi aliyemtengenezea tovuti miaka mingi nyuma, na fundi huyo hakuwa akipatikana. Tena lile lile la kitasa cha mlango.

Barua pepe nazo zimebadilika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua nyingi wathibitishe kikoa chao kwa SPF, DKIM na DMARC, yaani taratibu tatu za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa, na waweke njia rahisi ya kujiondoa kwenye orodha. Mteja mwenye podikasti na jarida la kila wiki aliona barua zake zikianza kutumbukia kwenye taka, akadhani wasomaji wamemchoka. Tulikuta mistari mitatu haipo katika kumbukumbu za kikoa chake. Ni saa moja ya kazi kwa anayejua mahali pa kutazama, na hapo ndipo faida ya kuwa na mhariri wa sauti na mtunza seva katika chumba kimoja inapojitokeza: aliyelalamika ni mtu wa podikasti, na dawa ilikuwa kwa mtu wa seva, hatua nne kutoka kiti chake.

Kuna jambo ambalo naona bado hatulifanyi vya kutosha, nalo ni kuandika yanayosemwa. Mitambo ya utafutaji husoma maandishi, na asiyesikia vizuri naye ana haki ya kipindi. Wale wanaoendeleza mradi wa Podcasting 2.0, ulioanzishwa na Adam Curry na Dave Jones mwaka 2020, waliongeza katika mlisho kipengele cha kubeba maandishi ya kipindi, na Machi 2024 Apple ilianza kuonyesha maandishi hayo katika programu yake, ikiyatengeneza yenyewe kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili hakikuwemo katika orodha hiyo ya kwanza. Tunapotumia mitambo ya kunukuu kwa Kiswahili, hutukabidhi rasimu ambayo majina ya watu yamegeuka vitu na kitenzi kirefu kimekatwa vipande vitatu, na mtu lazima akae na kusahihisha kwa sikio. Dakika 30 za mazungumzo zinakula sehemu kubwa ya siku. Tumeamua kuifanya kazi hiyo kwa vipindi vya wateja wanaokubali kuichangia, na kwa vile vyetu wenyewe bila kuuliza, lakini ninakiri kwamba rafu ya vipindi visivyo na maandishi ni ndefu kuliko ile ya vilivyo nayo.

Kuhusu video sitasema mengi. Wateja wanaitaka kwa kuwa wanaona wengine wanayo, na tunawapa wanaoihitaji kweli, ambao ni wale wenye kitu cha kuonyesha. Watu wawili waliokaa kwenye viti ni wale wale ukiwatazama au ukiwasikiliza, ila kumwonyesha msikilizaji nyuso zao kunazidisha mara nyingi uzito wa faili na saa za uhariri, na kunampeleka mteja kwenye jukwaa ambalo mlango wake si wake.

Mwezi uliopita mteja wetu wa muda mrefu alituaga. Ameajiri kijana wa kumfanyia kazi hizi ndani ya ofisi yake, jambo ambalo tulilitarajia na ambalo halikutuudhi. Tulimwandalia kabrasha: faili zote ghafi na zilizokamilika, picha ya jalada katika ukubwa wa pikseli 3000 kwa 3000, orodha ya vitambulisho, maandishi ya vipindi vilivyonukuliwa, tarehe ya kuisha kwa kikoa chake, na barua ya kurasa mbili iliyomweleza yule kijana kila kitu tulichokuwa tukikifanya usiku. Kijana alinipigia simu kuuliza nenosiri la msajili wa kikoa, nikamwambia hatuna na hatujawahi kuwa nalo, amwombe mwajiri wake. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka.

Lakini vipindi vya kwanza vya mteja huyo vilitengenezwa kabla ya kile kifungu cha mkataba kuwepo, wakati mlisho wake ulikuwa bado chini ya kikoa chetu sisi. Tulipouhamishia kwenye kikoa chake tuliacha nyuma uelekezaji wa 301. Apple hushauri uachwe kwa angalau wiki nne. Wetu upo mwaka wa sita sasa. Nikifungua kumbukumbu za seva asubuhi bado naona programu chache za zamani zinazobisha kwenye anwani ile, na moja kati yake hubisha kila saa, usiku na mchana, kwa jina la toleo ambalo watengenezaji wake waliliacha zamani. Hatujui ni simu ya nani wala kama kuna anayesikiliza. Tunaijibu 301, nayo inakwenda ilikoelekezwa, na baada ya saa moja inarudi tena.